Sita Ina Robo Ngapi

Jioni tatu kwa wiki huwa nawafundisha hesabu watoto wa mtaani kwetu, Kisauni, pale barazani, kwa malipo ambayo mama zao wanayaweza. Shahada sina, chuo nilikiacha mwaka wa pili. Lakini hesabu za gredi ya sita haziulizi shahada.

Juzi msichana mmoja alikwama kwenye 6 ÷ 0.25. Aliandika 1.5. Nilipomwambia jibu ni 24 alinitazama kama mtu anayeibiwa.

"Lakini mwalimu, ukigawa si lazima ipungue?"

Ile kanuni ya kusogeza nukta ninayo, na hata yeye anayo, ameandikiwa daftarini. Ila kanuni haikujibu swali lake. Yeye alikuwa na ugomvi na neno lenyewe. Kugawa kwetu ni kuwapa watu mafungu: mkate mmoja, watu wanne. Sasa utawagawia vipi watu robo? Na kuzidisha ndiko kubaya zaidi, maana neno linaahidi kitu kitaongezeka, halafu 8 ukiizidisha kwa 0.25 unabaki na 2. Shuleni wanasoma hesabu kwa Kiingereza, sawa, lakini kichwa cha mtoto kinafikiri kwa lugha ya nyumbani.

Nikamuuliza: mwenye duka ana kilo sita za sukari, anafunga vifuko vya robo robo. Vifuko vingapi? "Ishirini na nne," akajibu kabla sijamaliza, kisha akanyamaza, akaangalia daftari lake tena.

Alichofanya hapo hakikuwa kugawa, kilikuwa kupima. Na kupima ndiyo hesabu ya zamani ya pwani hii. Nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne, visaga viwili. Pishi tatu ni vibaba kumi na viwili. Hakuna aliyeshangaa kwamba tatu imezaa kumi na mbili, kwa sababu kipimo kimekuwa kidogo. Hata ile haba na haba hujaza kibaba ni swali la kugawanya kwa kitu kidogo sana: haba ngapi zinaingia?

Sehemu nazo zilikuwa na majina yake, mengi kutoka Kiarabu: nusu, robo, thuluthi, sudusi, thumuni. Waislamu wa hapa wanayajua kutoka kwenye mirathi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto fungu lake ni thumuni, yaani moja juu ya nane. Shamba likiwa eka 12, yake ni eka moja na nusu. Ukiiandika kishule ni 12 × 0.125, na jibu ni 1.5. Umezidisha, na imepungua. Mjane hahitaji kufafanuliwa kwa nini.

Thumuni iliingia hadi mfukoni. Sisi wa Mombasa tuliita sumni ile sarafu ya senti hamsini, ambayo ni nusu shilingi. Mbona nusu iitwe sehemu ya nane? Kwa sababu nane hiyo ni ya riale, ile dola ya fedha ya Maria Theresa iliyozunguka pwani karne ya 19, ambayo kila moja imeandikwa mwaka 1780 hata kama imetengenezwa miaka mia baadaye. Riale ilikuja kuhesabiwa kama shilingi nne, na nane yake ndiyo hiyo hamsini. Riale imekufa, sehemu yake ikaendelea kuishi.

Halafu ikaja rupia ya India, ikatia mizizi zaidi reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Rupia moja ilikuwa anna 16, na kila anna pesa nne, jumla pesa 64. Ukiitazama ni nusu ya nusu ya nusu, mtindo ule ule wa kibaba na pishi. Mkono unaujua. Unakata katikati, unakata tena.

Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ikaamuru rupia igawanywe kwa senti mia. Wajerumani upande wa pili wa mpaka walishatangulia mwaka 1904, wakaacha pesa 64 wakashika heller 100, na heller ndiyo mama wa neno hela. Kwa karani ilikuwa raha, nukta moja tu na hesabu imenyooka. Kwa muuza duka, sijui kama ilikuwa raha. Anna moja ilikuwa sasa senti 6.25, na robo ya senti hakuna mtu aliyeigonga. Kidogo zaidi kilichotolewa ni nusu senti, ya aluminiamu, yenye tundu katikati, ya mwaka 1908. Hiyo ni 0.005 ya rupia. Desimali ya nafasi tatu unayoweza kuitunga kwenye uzi! Shilingi ilipoingia rasmi mwaka 1922 ikaja na senti mia zake vilevile.

Nukta yenyewe si ya mkoloni peke yake. Al-Uqlidisi aliandika sehemu za kumi huko Damascus karne ya 10, na al-Kashi akaziendeleza Samarkand karne ya 15. Ulaya alizieneza Simon Stevin mwaka 1585, miaka minane kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus. Kijitabu chake kiliitwa De Thiende, maana yake sehemu ya kumi. Sisi tuna ushuru, neno lenye asili ya Kiarabu lililotokana na hiyo hiyo moja ya kumi. Na Stevin alisema anawaandikia akina nani? Wapima ardhi, wapima mvinyo, wafanyabiashara. Wapimaji, basi.

Siku hizi senti haina thamani. Sarafu mpya za 2018 zinaanzia shilingi moja, na desimali ambazo mtoto wa Changamwe anaziona nje ya daftari ni zile za bei ya petroli.

Jana nikampa yule msichana nyingine. Zaka ya fitri bado hutajwa kwa pishi, na wengi huihesabu kama kilo mbili na nusu. Basi kibaba ni kilo 0.625. Gunia la mchele la kilo 50 lina vibaba vingapi? Hakusogeza nukta. Alitafuta pishi kwanza, akapata 20, akazidisha kwa nne.

"Themanini. Na kipimo kikizidi kuwa kidogo, jibu linazidi kupanda?"

Linazidi.

"Mpaka wapi? Nikipima kwa sifuri je?"

Magharibi ilikuwa ishaadhiniwa. Nikamwambia aje Jumatano.