Sauti Isiyohifadhiwa: Filamu za Vugiri, 1935–1937

Historia ya sinema ya Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa kwa kutazama picha tu. Huko Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, Notcutt na Latham walisimamia utengenezaji wa filamu 35 za mafunzo (mafunzo, yaani, kwa mtazamo wa mkoloni). Zimesalia tatu, katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Mojawapo, ya 1936, yahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Lakini maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yalirekodiwa kwenye santuri, si kwenye ukanda wenyewe. Hivyo, ukanda ukisafishwa hata ukatazamwa nyumbani, iwe London au Tawa, Makueni, mkulima huyo ataonekana akilima. Msimulizi aliyemfasiria hadhira, ambaye ndiye amhusuye mhakiki wa fasihi, hamo.