Gari ya umeme Bunia: namna ya kuhesabu gharama kabla ya kutoa pesa

Gari ya umeme haitumii esanse, haibadilishiwi mafuta ya moteri, na piesi zake zinazozunguka ni chache. Ndiyo maana watu wengi wanafikiri kuiendesha ni karibu bure. Kwa mkaaji wa Bunia, kabla ya kuuliza bei ya gari, swali la kwanza ni hili: umeme wa kuichaji utatoka wapi, na kwa bei gani?

Hesabu ya kilometa 100

Gari ndogo kama Nissan Leaf inakula karibu kilowati-saa 17 kwa kilometa 100. Ukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, hesabu 20. Gari ndogo ya esanse inakula karibu litri 7 kwa safari hiyo hiyo. Kwa hiyo bei ya kilowati-saa moja ikipita theluthi moja ya bei ya litri ya esanse, faida imekwisha. Kwa mfano, litri ikiwa dola 1,5, kilowati-saa isipite dola 0,5.

Umeme wa nyumbani

Umeme wa Bunia wa tangu zamani unatoka Budana, kituo cha maji kwenye mto Shari, kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Prizi ya kawaida ya volti 220 na ampea 10 inatoa kilowati 2,2. Ili kupata kilowati-saa 20, gari inakaa kwenye prizi saa 9. Umeme ukikatika usiku wa manane, asubuhi gari iko nusu.

Jenereta haiokoi mambo. Jenereta ndogo inatoa karibu kilowati-saa 2 kwa litri moja ya esanse. Kwa kilometa 100 itakunywa litri 10, wakati gari ya esanse ingekunywa 7 tu.

Paneli ya jua ya wati 400 inatoa karibu kilowati-saa 1,6 kwa siku ya jua nzuri. Anayetembea kilometa 30 kwa siku anahitaji kilowati-saa 6, ni kusema paneli 4. Lakini mchana gari iko kazini. Basi zinahitajika pia batri za kutunza umeme nyumbani, na bei yake lazima iingie katika hesabu.

Batri ya gari ya okazyo

Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2010, zilikuwa na batri ya kilowati-saa 24. Zikiwa mpya zilitembea karibu kilometa 117 kwa kipimo cha Marekani. Batri hiyo haina maji ya kuipoza, kwa hiyo joto linaichosha haraka. Kwenye dashibodi kuna vijisanduku 12 vinavyoonyesha afya yake. Kimoja kikipotea, karibu asilimia 15 ya nguvu imekwisha kwenda. Muuzaji awashe gari na kuonyesha vijisanduku hivyo kabla ya kupewa hata dola moja.

Kutoka Bunia mpaka Komanda ni karibu kilometa 75. Leaf ya zamani iliyopoteza theluthi moja ya batri itafika kwa shida, na haitarudi bila kuchajiwa huko.

Kuna pia matengenezo. Batri kubwa ina zaidi ya volti 300, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinaweza kuua. Fundi ambaye hakufundishwa asizifungue.

Pikipiki je?

Pikipiki ya umeme inakula karibu kilowati-saa 4 tu kwa kilometa 100. Kule Kigali, tangu 2019, kampuni ya Ampersand inawapa wenye pikipiki nafasi ya kuacha batri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, bila kungoja masaa. Kwa Bunia, paneli 3 zinaweza kutosha pikipiki moja. Mwenye pesa kidogo anaweza kuanzia hapo, lakini hata yeye aulize kwanza ni nani atamuuzia batri nyingine hii ikichoka.