Kanieneo na Mtungi Chakavu

Istilahi ya kanieneo, inayotumika katika vitabu vya fizikia vya Kiswahili, imeundwa kwa kuunganisha nomino mbili, kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, na eneo, yaani ukubwa wa uso unaosukumwa, hivi kwamba fasili yake imo ndani ya neno lenyewe: kani iliyogawanywa kwa eneo. Shinikizo na mgandamizo, zinazoshindana nayo, hutaja tendo la kubana tu, na presha, neno linalotawala gereji na zahanati kwa pamoja, halimwambii msikiaji lolote kuhusu eneo, huku mafundi wa pancha wakisema upepo, jina linalofanya kitu hicho kionekane chepesi kuliko kilivyo. Ubora wa kanieneo hudhihirika pale mtu anapochukua pipa la mafuta au mtungi wa gesi uliotupwa, akauchomelea bomba na kuugeuza tangi la kompresa.

Kifuniko cha pipa la lita 200, chenye kipenyo cha sentimita 57 hivi, kina eneo la takriban robo ya mita ya mraba, na kwa kuwa baa 1 ni sawa na nyutoni 100,000 kwa kila mita ya mraba, geji inayosoma baa 1 tu humaanisha kwamba kifuniko hicho kinasukumwa kwa kani iliyo sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Bati bapa hutuna chini ya mzigo huo, na kanieneo likizidi hung'oka penye mshono, na ndiyo sababu ncha za vyombo vya kanieneo hufinyangwa zikawa na umbo la kuba.

Mtungi una umbo linalofaa, ila unene wake ndio wenye shaka. Mkazo, yaani kani inayobebwa na kila sehemu ya eneo la chuma chenyewe, hupatikana kuzunguka mwili wa mtungi kwa kuzidisha kanieneo kwa kipenyo na kugawanya kwa unene wa ukuta mara mbili, nao ule wa kuelekea urefu ni nusu yake, hivyo mtungi uliozidiwa kwa kawaida hupasuka kwa urefu kama soseji kikaangoni. Mtungi wa kipenyo cha sentimita 30 na ukuta wa milimita 3 ukijazwa hewa ya baa 8 hupata mkazo wa paskali milioni 40. Kutu ikiula ukuta hadi milimita 1, mkazo hufika milioni 120. Kutu hiyo hukaa ndani, chini, mahali unyevu wa hewa iliyobanwa unapotuama, na rangi mpya ya nje haiwezi kuifichua.

Kwa hiyo hutumiwa jaribio la maji: chombo hujazwa maji hadi hewa yote itoke, kisha kanieneo hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi mara 1.3 au 1.5 ya kiwango cha kazi, kutegemea kanuni inayofuatwa. Maji hayabaniki kwa kiasi cha maana, basi ukuta ukipasuka kanieneo hushuka papo hapo, ilhali hewa iliyobanwa huachia nishati yake yote kwa mlipuko.

Jaribio hilo nalo halimalizi shaka. Mwaka 1905 bwela kuukuu lililipuka katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Marekani, likaua watu 58, na ufa uliolisababishia kupasuka ulikuwa umejificha kati ya mabamba mawili yaliyopandana, mahali ambapo jicho la mkaguzi lisingefika. Mtungi halali huwa na alama zilizogongwa kwenye chuma chake, zikionyesha ujazo, kanieneo la majaribio na tarehe ya ukaguzi; ule uliofutika alama, au uliochomelewa baada ya kutoka kiwandani, mahali pake ni kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hata kama umepita jaribio la maji asubuhi hiyo hiyo.