Kunuka na kunukia: historia fupi ya harufu na mapenzi

Mwaka jana niliitwa kusuluhisha ugomvi wa shati. Mama mmoja wa bloku yetu hapa Kakuma alifua nguo zote za nyumba, pamoja na shati la kijani la mtoto wake aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi. Jioni mkwe wake akakuta lile shati liko kwenye kamba, linadondosha maji. Akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mama mkwe naye akapandisha: "Nimekufulia, tena kwa sabuni yangu ya mgao, halafu unanililia?" Yule dada akajibu kwa sauti ndogo: "Mama, lile shati lilikuwa na harufu yake."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye. Lakini usiku sikulala vizuri. Kazi yangu ni vijana, na habari ya harufu inanifikia kila mara, tena kwa upande wake mbaya. Kijana ameacha kuja mazoezi ya ngoma kwa sababu msichana alishika pua. Msichana amekataa kukaa karibu na mtu yeyote kwa sababu sabuni ya nyumbani iliisha kabla mwezi haujafika katikati. Wote wawili wanaona aibu, na aibu hiyo inawafukuza kwa wenzao. Nikajiuliza: harufu moja inawezaje kumliza mtu kwa upendo, na kumfukuza mwingine kwa aibu? Basi nikaanza kusoma.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha kitu. Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu. Na tusidanganyane ati zamani hakuna aliyejali. Neno kikwapa hatukuletewa na meli. Bibi zetu walipaka ndimu kwapani, na watu wa pwani walitumia shabu. Uchafu haukuwahi kusifiwa. Lakini jasho la mtu aliyetoka kazini lilikuwa jambo la kuoga basi, halikuwa la kumfanya mtu ajichukie.

Tena majirani zetu hapa kambini wana elimu kubwa ya harufu na ndoa. Kwa Wasudani kuna dukhan. Mwanamke anachimbiwa shimo dogo, ndani kunachomwa kuni za mti wa talh, yeye anakaa juu yake amejifunika blanketi, na moshi unaingia kwenye ngozi pamoja na jasho lake. Kwa desturi ni jambo la bibi harusi na la mke wa mtu, na jirani akisikia ule moshi anaelewa na kunyamaza. Wasomali wana unsi, ubani uliopikwa na sukari, unaowekwa juu ya makaa ndani ya chetezo ili nyumba na nguo zinukie. Pwani kuna udi wa kufukizia nguo, asmini za kitandani na kikuba cha kuvaa. Wanaosoma Biblia wanajua kwamba Wimbo Ulio Bora umejaa manemane na manukato, na hata nguo za mpenzi zinasifiwa kwa harufu yake.

Angalia jambo moja. Moshi wa talh haumfuti mtu. Unakaa kwenye ngozi yake mwenyewe, unachanganyika naye. Mke wa fulani na mke wa fulani wanaweza kutumia kuni zilezile na bado kila mmoja akawa na harufu yake.

Aibu ya leo ina historia nyingine. Mwaka 1888, Philadelphia huko Marekani, dawa ya kwapa iliyoitwa Mum ilianza kuuzwa. Baadaye msichana mmoja wa Cincinnati, Edna Murphey, alianza kuuza dawa aliyotengeneza baba yake, daktari wa upasuaji, ya kuzuia mikono isitoke jasho. Aliiita Odorono. Mwanzoni haikununuliwa sana, kwa sababu watu hawakuona ugonjwa wa kutibu. Mwaka 1919 mtu wa matangazo, James Webb Young, akabadilisha maneno. Hakuuza tena dawa, aliuza hofu: mwanamke anaweza kuwa ananuka bila kujua, watu hawatamwambia, na mwanamume atamwacha. Wasomaji wengine walikasirika wakaacha kununua gazeti lile. Lakini wapi! Mwaka uliofuata mauzo yalipanda kwa asilimia 112.

Sabuni nayo inatugusa sisi Wakongo moja kwa moja. Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884. Sabuni ilihitaji mafuta, na Kongo ilikuwa na michikichi. Mwaka 1911 alipatana na serikali ya Ubelgiji, akaruhusiwa kuchukua mpaka hekta 750,000 za ardhi. Wenyeji walilazimishwa kupanda minazi ya mawese ile, yaani michikichi, kukata ngazi kwa malipo madogo. Mji wa Lusanga, mkoa wa Kwilu, ukaitwa Leverville. Mwaka 1931, bei ilipokuwa imeshuka na kodi haishuki, Wapende waliasi. Jeshi la wakoloni liliua zaidi ya watu 500.

Halafu sabuni ikarudi Afrika ndani ya karatasi nzuri. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha jinsi wakati wa ukoloni Lifebuoy ilivyouzwa kwa wanaume na Lux kwa wanawake, huku wazungu wengi wakisema mwili wa Mwafrika ni mchafu kwa asili yake. Yaani mafuta ya mawese yalitoka kwetu, na aibu tukaletewa sisi.

Sayansi ilichelewa kuuliza swali la yule dada wa shati. Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kwamba wamepata kitu ambacho nondo jike wa hariri anakitoa ili kumwita dume. Walitumia nondo karibu nusu milioni kukipata. Mwaka huohuo vitu vya aina hiyo vikapewa jina: feromoni. Kwa binadamu, mpaka leo hakuna feromoni ya mapenzi iliyothibitishwa. Kwa hiyo ukiona chupa sokoni imeandikwa kwamba ukijipaka tu watakufuata, weka pesa yako mfukoni.

Lakini harufu ya mtu si kitu bure. Mwaka 1995 Claus Wedekind na wenzake, huko Bern, Uswisi, waliwapa wanaume 44 fulana za kulala nazo usiku mbili, bila manukato wala sabuni ya kunukia. Kisha wanawake 49 wakanusa fulana hizo bila kujua zimevaliwa na nani. Kwa wastani walipenda zaidi harufu ya wanaume ambao jeni zao za kinga ya mwili hazifanani na zao wenyewe, na mara nyingi harufu hizo ziliwakumbusha wapenzi wao. Wale waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi walichagua kinyume. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote: mengine yalipata hivyohivyo, mengine hayakuona kitu. Hivyo usimwache mchumba kwa sababu ya fulana.

Jaribio la mwaka 2018, la Kanada, ndilo lililonirudisha kwenye bloku yetu. Marlise Hofer na wenzake waliwanusisha wanawake 96 mashati kabla ya kuwapa mtihani wa kutia wasiwasi. Wengine walipewa shati la mpenzi wao, wengine la mtu wasiyemjua, wengine shati ambalo halijavaliwa. Walionusa la mpenzi walisikia wasiwasi mdogo zaidi. Walionusa la mgeni, homoni ya wasiwasi iliwapanda.

Sasa niseme wazi, maana watu wa afya wanasoma hapa: sabuni tunaitaka. Inazuia kuhara na kipindupindu, na hakuna historia itakayobadilisha hilo. Viwango vya Sphere vinasema gramu 250 za kuoga na 200 za kufulia, kwa kila mtu, kila mwezi. Kijana anayecheza mpira jioni kwenye joto na vumbi la Turkana anajua gramu hizo zinaishia wapi, na mgao ukichelewa anajua zaidi. Ndugu mnaopanga migao, sabuni ikikosekana hamhesabu wagonjwa peke yao. Mhesabu na yule aliyebaki nyumbani siku ya mkutano, na yule ambaye hakuthubutu kumsalimia msichana anayempenda.

Na ninyi vijana wenzangu: kukosa sabuni si tabia yako. Oga ukipata maji, tumia ndimu ukipata ndimu, halafu njoo. Anayeshika pua mbele ya mwenzake arudie hotuba ya tangazo la 1919, hata kama hajui.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza habari ya wanawake 96. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hao walihitaji kusoma chuo ndiyo wajue hilo?" Kisha akanyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye akaniambia kwamba siku waliyokimbia alibeba sufuria, godoro la mtoto na karatasi za shule. Nguo ya marehemu mume wake hakubeba hata moja. Hakuwa na mawazo hayo.

Mtoto wake alikuja kwa siku nne mwezi wa kumi na mbili, akaacha fulana. Siku hizi mama akianza kufua anaita kwanza kutoka nje: "Mkwe, na hii je?"