Mpigakura mbele ya tarakilishi: Anachopekua kabla na baada ya kura

KILA msimu wa uchaguzi unapobisha hodi nchini Kenya, maswali ya wapigakura huwa yale yale. Je, jina langu limo katika sajili? Huyu anayeniomba kura ni nani hasa, na alifanya nini alipokuwa mamlakani? Na baada ya masanduku kufunguliwa, ni nani aliyeshinda, na ushindi huo unathibitishwa na nini?

Zamani majibu yalitafutwa kwa chifu, kwa wakala wa chama, au kando ya redio usiku kucha. Tangu katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, sehemu kubwa ya majibu hayo imehamia kwenye mtandao wa intaneti: tovuti za serikali, hifadhi za sheria, kumbukumbu za Bunge, kamusi elezo na majukwaa ya kuonyesha matokeo.

Mojawapo ya tovuti za kwanza za aina hii ilikuwa Mzalendo, iliyoanzishwa na Ory Okolloh na Conrad Akunga kati ya miaka ya 2005 na 2006. Chanzo chake ni kisa cha kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Tovuti ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao, pamoja na viwango vyao vya elimu, ulianikwa hadharani. Vijana hao wawili wakaamua kuanika wenyewe: mbunge ni nani, amesema nini bungeni, na mara ngapi. Aliyetaka kumpima mbunge wake kabla ya Desemba 2007 alikuwa na pa kuanzia, mradi awe karibu na mkahawa wa intaneti na awe na shilingi za kulipia dakika.

Hata hivyo, uchaguzi huo wa Desemba 27, 2007 ulionyesha pengo kubwa zaidi. Matokeo ya urais yalisomwa kwa sauti jijini Nairobi, eneobunge baada ya eneobunge, na raia hakuwa na mahali popote pa kulinganisha kilichosomwa na kilichohesabiwa katika kituo chake. Aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, marehemu Samuel Kivuitu, alinukuliwa baadaye akisema hajui iwapo Rais Mwai Kibaki alishinda. Ghasia zilizofuata ziliwaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao.

Ni katika moto huo, Januari 2008, ambapo jukwaa la Ushahidi lilizaliwa. Wananchi walituma taarifa za mashambulizi kwa ujumbe mfupi wa simu au kupitia intaneti, nazo zikawekwa kwenye ramani. Nayo Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilihitimisha kwamba haikuwezekana kujua mshindi kwa sababu rekodi zenyewe zilikuwa zimevurugika. Baada ya hukumu hiyo, suala la rekodi halingeweza tena kuachiwa makarani peke yao.

Kwa mpigakura wa kawaida, rekodi ya kwanza ni sajili. Kuelekea chaguzi za 2017 na 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliwawezesha wapigakura kuthibitisha maelezo yao kwa kutuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa nambari 70000, au kuyatafuta kwenye tovuti yake. Jibu lilikuja na jina la kituo. Si wote waliofurahishwa nalo: baadhi ya wapigakura walilalamika mnamo 2022 kwamba walijikuta wamehamishiwa vituo ambavyo hawajawahi kuvikanyaga. Aliyekagua mapema alipata muda wa kulalamika. Aliyengoja hadi siku ya kura aliambiwa mlangoni kwamba hayumo.

Kisa cha Juni 2021 kilikuwa kikali zaidi. Afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilifungulia umma huduma ya kuangalia uanachama kupitia jukwaa la eCitizen. Wakenya wengi walioingia kwa udadisi tu waligundua kwamba walikuwa wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo, baadhi yao katika vyama ambavyo hata majina yake hawakuyafahamu. Nambari zao za vitambulisho zilikuwa zimetumiwa bila idhini. Huduma hiyo hiyo iliwaruhusu kujiondoa, lakini ghadhabu ilikuwa imekwisha kuwapanda. Hapa mtu alijipekua mwenyewe, si mwanasiasa, na akakuta alichokikuta.

Kuhusu sheria, kimbilio kuu ni tovuti ya Kenya Law, ambapo Katiba, sheria za Bunge, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la Serikali husomwa bila malipo. Kipengele ambacho kila msimu huzua ubishi ni cha 138. Kinataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Kinampa mwenyekiti wa tume siku saba kutangaza matokeo. Kipengele cha 140 nacho kinampa mlalamishi siku saba kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu, na mahakama siku 14 kuamua. Mnamo Agosti 2022, wakati wanasiasa walipokuwa wakihoji kwa nini tume inakawia, aliyekisoma kifungu hicho alijua kwamba mwenyekiti bado alikuwa ndani ya muda wake.

Lakini hakuna rekodi iliyopekuliwa kama Fomu 34A. Hii ndiyo karatasi ambayo msimamizi hujaza kituoni baada ya kuhesabu kura za urais. Matokeo ya vituo hujumlishwa katika Fomu 34B ya eneobunge, na ya maeneobunge yote 290 katika Fomu 34C ya kitaifa.

Umuhimu wa karatasi hiyo ulikolea mnamo Juni 23, 2017, Mahakama ya Rufaa ilipoamua, katika kesi iliyowasilishwa na Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na tume haina ruhusa ya kuyabadilisha Nairobi. Majuma machache baadaye, baada ya kura ya Agosti 8, jukwaa la tume lilionyesha tarakimu zilizopanda saa baada ya saa, ila fomu za kuzithibitisha hazikuonekana kando yake. Mnamo Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu walibatilisha matokeo ya urais. Miongoni mwa waliyoyataja ni kwamba matokeo yalitangazwa kabla ya tume kupokea Fomu 34A zote. Tarakimu bila karatasi, kwa lugha nyingine, hazikutosha.

Mnamo Agosti 9, 2022 mambo yaligeuka. Picha za fomu kutoka vituo 46,229 zilipakiwa kwenye jukwaa la umma, na yeyote mwenye simu ya rununu aliweza kuzifungua. Tume, hata hivyo, haikuweka jumla yoyote. Aliyetaka jumla alilazimika kuihesabu.

Vyombo vya habari viliajiri makarani wa kunakili tarakimu fomu baada ya fomu. Vyama vilifanya hivyo, na wanafunzi na wataalamu wa tarakilishi pia. Matokeo yake ni kwamba kwa siku kadhaa runinga moja ilimwonyesha William Ruto akiongoza huku nyingine ikimweka Raila Odinga mbele. Wengi walishuku hila. Sababu ilikuwa nyepesi: kila kituo cha habari kilianza na maeneo tofauti na kufanya kazi kwa kasi tofauti. Ni kama watu watatu wanaohesabu magunia ya ghala moja, kila mmoja akianzia mlango wake. Kosa la vyombo vya habari, ikiwa kuna kosa, ni kutowaeleza watazamaji jambo hilo tangu usiku wa kwanza.

Mnamo Agosti 15 Dkt Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Bw Odinga. Makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walijitenga na matokeo hayo. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba asilimia za wawaniaji wote wanne zilifika 100.01, na kwamba ile 0.01 ya ziada ilikuwa sawa na kura takriban 142,000, kiasi cha kubadilisha matokeo.

Dai hilo halikuhitaji wakili kulijibu. Kura za wawaniaji wanne zilikuwa jumla ya takriban milioni 14.2, na asilimia 0.01 ya idadi hiyo ni kura zipatazo 1,420. Hata hizo hazikuwa kura, bali zao la kukadiria desimali: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23 zikijumlishwa huleta 100.01. Mtu yeyote aliyekuwa na kikokotoo na tarakimu zenyewe aliweza kuliona hilo jioni hiyo hiyo, na wengi waliliona.

Madai mengine yalikuwa mazito zaidi, hususan kwamba fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kuonekana kwenye jukwaa. Mahakama ya Juu iliagiza ukaguzi, na katika uamuzi wake wa Septemba 5, 2022, ikasema kwa kauli moja kwamba hakukuwa na tofauti kubwa kati ya fomu zilizopakiwa na zile halisi zilizofikishwa Bomas ya Kenya. Ushindi ukaidhinishwa.

Fomu hizo zina mtego wake. Msimamizi aliyekesha usiku kucha huweza kukosea kujumlisha, na kosa la hesabu si lazima liwe wizi. Anayeisoma huanza na jina na nambari ya kituo, kisha hulinganisha jumla ya kura halali na idadi ya waliosajiliwa, na kuangalia kama mawakala wametia saini. Picha ya fomu inayosambazwa na marafiki haina uzito huo hadi ilinganishwe na ile iliyo kwenye jukwaa rasmi. Bandia huwa nyingi: mnamo 2017 ilisambazwa video iliyoigiza matangazo ya BBC kuhusu kura ya maoni ya Kenya, na shirika hilo likalazimika kuikana.

Wikipedia nayo husomwa sana nyakati hizi, kwa kuwa hukusanya wasifu, historia na matokeo mahali pamoja. Kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuihariri, kurasa za wawaniaji huvutia washabiki wa kila upande, na wasimamizi mara nyingine huzifungia wahariri wapya. Msomaji mwerevu hufungua historia ya ukurasa na tanbihi zake kabla ya kuamini sentensi. Toleo la Kiswahili, lililoanzishwa 2003, lina maelezo machache kuliko la Kiingereza kuhusu chaguzi za Kenya. Upungufu huo hauishii hapo: sheria nyingi na takriban hukumu zote za kesi za uchaguzi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Kisha kuna wale ambao mtandao haujawafikia. Kabla ya kura ya Agosti 2017, tume ilisema kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 vilikuwa nje ya mtandao wa kasi wa 3G. Huko, kanuni za uchaguzi zinamtaka msimamizi abandike nakala ya fomu mlangoni mwa kituo, mahali umma unapoweza kuisoma. Mwenye simu yenye kamera huipiga picha usiku huo huo na kuihifadhi hadi atakapofika mahali penye mtandao, kisha huifungua kando ya ile ya tume, mstari kwa mstari.