Bikira Maria wa Kibeho: Maana ya Heshima kwa Mama wa Neno

Kila mwaka ifikapo tarehe 28 Novemba, waamini kutoka Rwanda na nchi jirani hukusanyika Kibeho, kilima kilichoko kusini mwa Rwanda katika Jimbo Katoliki la Gikongoro. Wanakwenda kumheshimu Bikira Maria kwa jina la Mama wa Neno. Kibeho ni mahali pa kwanza barani Afrika ambapo askofu mahalia wa Kanisa Katoliki, baada ya uchunguzi wa miaka mingi, alitamka rasmi kwamba Bikira Maria aliwatokea watu. Ni mahali pia palipomwagika damu nyingi mwaka 1994, na tena mwaka 1995.

Mpendwa msomaji, mambo haya mawili hayatenganishiki, na katika makala haya tunayaeleza pamoja. Yanagusa maswali mawili tunayoyasikia mara kwa mara. Kwa nini Wakatoliki wanampa Maria heshima kubwa namna hii? Na heshima hiyo ina faida gani pale watu waliosali Rozari pamoja wanapogeukiana na kuuana?

Kuheshimu si kuabudu

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu ya utata huu imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno "ibada" tunalitumia kwa mambo mengi: ibada ya Misa Takatifu, ibada ya mazishi, ibada ya Njia ya Msalaba na ibada kwa Bikira Maria. Anayesikia maneno hayo bila maelezo anaweza kudhani kwamba Maria amewekwa mahali pa Mungu.

Mapokeo ya Kanisa yanatenganisha ngazi tatu, na kila moja ina jina lake katika lugha ya taalimungu. Ya kwanza ni kuabudu, yaani latria, na hiyo ni haki ya Mungu peke yake. Ya pili ni heshima wanayopewa watakatifu, yaani dulia. Ya tatu ni heshima ya pekee apewayo Bikira Maria, yaani hyperdulia. Heshima hii inazidi ile ya watakatifu wengine, lakini haivuki mpaka na kuwa kuabudu. Maria ni kiumbe, na yeye mwenyewe alijiita mtumishi wa Bwana.

Msingi wa heshima hiyo ni Mwanae. Mtaguso Mkuu wa Efeso, mwaka 431, ulithibitisha kwamba Maria anaitwa kwa haki Mama wa Mungu. Maana yake si kwamba alikuwepo kabla ya Mungu, bali kwamba aliyezaliwa naye ni nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulieleza kuwa heshima inayotolewa mbele ya picha takatifu inamwendea yule anayeoneshwa na picha hiyo, wala haibaki kwenye mbao na rangi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatican, katika sura ya nane ya Hati ya Lumen Gentium iliyotangazwa tarehe 21 Novemba 1964, ulifundisha kwamba umama wa Maria haupunguzi hata kidogo upatanishi wa Kristo, ambaye ndiye mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu. Mababa wa Mtaguso waliwaonya pia wahubiri wasimtukuze Maria kupita kiasi, wala wasimpunguzie hadhi yake.

Sala ya Salamu Maria yenyewe inaonesha utaratibu huo. Nusu ya kwanza ni salamu ya Malaika Gabrieli na maneno ya Elizabeti, kama tunavyosoma katika Injili ya Luka, na inaishia kwa jina la Yesu. Nusu ya pili ni ombi moja tu: kwamba atuombee. Tunamwomba atusindikize kwa Mungu kama vile mtu anavyomwomba mama yake amwombee.

Yaliyotokea Kibeho

Jumamosi tarehe 28 Novemba 1981, wakati wa chakula cha mchana, msichana aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake mezani katika shule ya sekondari ya wasichana ya Kibeho. Alisema alisikia sauti ikimwita, akatoka, akamwona mwanamke mwenye uzuri usioelezeka. Ngozi yake, alisema, haikuwa nyeupe kama ya sanamu za kanisani, wala hakuweza kusema kuwa ni nyeusi. Alipomuuliza yeye ni nani, alijibiwa kwa Kinyarwanda: Nyina wa Jambo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa jina hilo. "Nyina" ni ndugu wa "nina", neno la kale la Kiswahili kwa mama. "Jambo" kwa Kinyarwanda ni neno linalotamkwa. Kwa hiyo jina hilo ni Mama wa Neno, na linaturudisha kwenye mwanzo wa Injili ya Yohane, pale Mwinjili anapomtaja Kristo kuwa ni Neno. Jina lenyewe linamtambulisha mama kwa kumtaja Mwana.

Wanafunzi wengi hawakumwamini Alphonsine. Walimcheka na kusema anaigiza au ana wazimu. Miongoni mwa waliompinga vikali alikuwa Marie Claire Mukangango. Lakini tarehe 12 Januari 1982 mwanafunzi mwingine, Nathalie Mukamazimpaka, alisema naye ametokewa, na tarehe 2 Machi 1982 ikawa zamu ya Marie Claire mwenyewe. Njozi za Marie Claire ziliisha Septemba 1982, za Nathalie zikaisha Desemba 1983, na za Alphonsine zikafikia mwisho tarehe 28 Novemba 1989, miaka minane kamili tangu siku ya kwanza.

Ujumbe wao haukuwa mgeni kwa anayeijua Injili: tubuni, salini bila unafiki, pokeeni mateso kwa imani, ombeeni Kanisa na ulimwengu. Siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 15 Agosti 1982, Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Watu walikuwa wamekuja kwa maelfu wakitarajia furaha. Badala yake wasichana walilia na kutetemeka. Walieleza kwamba wameona mto wa damu, watu wakiuana, na maiti zilizotupwa bila wa kuzizika.

Kanisa lilivyochunguza

Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Jimbo la Butare, ambalo Kibeho ilikuwa chini yake wakati huo, hakukimbilia kuamini wala kukataa. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanataalimungu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuangalia afya ya mwili na akili ya wasichana hao. Kazi ya pili ilikuwa kupima kama wanayosema yanalingana na imani, kama maisha yao yanaendana na maneno yao, na kama kuna matunda ya kweli ya sala na wongofu.

Haraka zaidi idadi ya waliodai kutokewa iliongezeka, ndani na nje ya shule. Hapo ndipo uangalifu wa Kanisa unapoonekana. Tarehe 15 Agosti 1988 Askofu Gahamanyi aliruhusu ibada ya hadhara mahali hapo, bila kutoa hukumu juu ya njozi zenyewe. Hukumu hiyo ilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, jimbo lililozaliwa kutoka Butare mwaka 1992. Tamko lake liliwatambua watatu tu: Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Wengine wote hawakuthibitishwa.

Hata hapo, Kanisa halimlazimishi Mkatoliki kuamini yaliyotokea Kibeho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba ufunuo wa binafsi hauongezi kitu juu ya ufunuo uliokamilika katika Kristo. Kazi yake ni kuwasaidia watu kuuishi kwa ukamilifu zaidi katika kipindi fulani cha historia. Tuongeze kwamba utaratibu umebadilika. Kanuni mpya zilizotolewa na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa tarehe 17 Mei 2024 zinampa askofu nafasi ya kutangaza kwamba hakuna kizuizi kwa waamini kusali mahali fulani, na kwa kawaida hazimtaki atamke kwamba tukio lenyewe limetoka mbinguni. Tamko la Kibeho ni la utaratibu wa zamani.

Damu juu ya kilima

Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika Kibeho. Maelfu ya watu walikimbilia kanisa la parokia wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kuwaua ndani ya nyumba ya Mungu. Waliuawa humo, na kanisa likachomwa moto. Marie Claire naye aliuawa mwaka huo. Alphonsine alikimbilia nje ya nchi na baadaye akaingia utawani.

Baadaye Kibeho ikawa kambi kubwa ya wakimbizi wa ndani. Mwezi Aprili 1995, jeshi la Rwanda lilipoifunga kambi hiyo, watu wengi waliuawa kwa risasi na kwa kukanyagana. Serikali ilitangaza vifo 338. Wanajeshi wa Australia waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa ni maelfu.

Waamini wengi wanaona katika njozi ya Agosti 1982 onyo ambalo halikusikilizwa. Lakini hatuwezi kulisema hilo kwa wepesi, kana kwamba linamaliza swali. Rwanda ilikuwa nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Waliouawa walikuwa na rozari mikononi, na baadhi ya wauaji nao walikuwa wamefundishwa sala hizo hizo. Askofu Misago mwenyewe alikamatwa mwaka 1999 kwa tuhuma zinazohusiana na mauaji hayo, akashitakiwa, na mahakama ikamwachilia huru mwezi Juni 2000. Mnamo Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa makosa ya wanakanisa walioshiriki katika mauaji ya kimbari. Tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, alipokutana na Rais Paul Kagame mjini Vatican, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake, wakiwemo mapadre na watawa.

Historia hiyo inatupa kipimo kigumu cha heshima kwa Bikira Maria. Kumpambia maua, kumwimbia na kutembea mwendo mrefu hadi mahali pake patakatifu ni mambo mema. Lakini ujumbe wa Kibeho ulianza na toba, na toba haina maana kama jirani anaendelea kuchukiwa. Anayemwita Maria mama hawezi kumkana mwanawe mwingine kwa sababu ya kabila lake.

Rozari ya Mateso Saba

Katika tamko la 2001, Askofu alitaja jina la mahali patakatifu pa Kibeho kuwa ni pa Mama Yetu wa Mateso. Jina hili linahusiana na sala ambayo Marie Claire alisisitiza irudishwe kwa watu: Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria. Si sala mpya. Imeenezwa kwa karne nyingi na Shirika la Watumishi wa Maria, lililoanzishwa Firenze, Italia, katika karne ya 13. Marie Claire alieleza kwamba sala hii haichukui nafasi ya Rozari Takatifu ya kawaida.

Rozari hii ina mafungu saba, na kila fungu lina Baba Yetu moja na Salamu Maria saba. Katika kila fungu tunatafakari teso moja: utabiri wa mzee Simeoni, kukimbilia Misri, kumpoteza Yesu hekaluni, kukutana naye katika Njia ya Msalaba, kusimama chini ya Msalaba, kuupokea mwili wake uliokufa, na kumzika kaburini.

Tukiyasoma mateso hayo polepole tunaelewa kwa nini yamepata nafasi kubwa katika eneo la Maziwa Makuu. Mama aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni, mzazi aliyemtafuta mwanae siku tatu, mwanamke aliyeshika maiti ya mtoto wake: hawa si watu wa Biblia peke yake. Wapo Rwanda, wapo Burundi, wapo Kivu. Wapo pia wasiojua hadi leo wapendwa wao wamezikwa wapi, nao wanasali fungu la saba wakimtazama mama ambaye angalau alilijua kaburi la Mwanae.

Kwa anayetaka kuhiji

Jiwe la msingi la kanisa la hija liliwekwa tarehe 28 Novemba 1992, na kanisa lenyewe lilitabarukiwa tarehe 31 Mei 2003 na Kardinali Crescenzio Sepe. Siku kuu mbili zinazokusanya watu wengi ni tarehe 15 Agosti na tarehe 28 Novemba. Tarehe 15 Septemba Kanisa lote linaadhimisha Kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Mateso, nayo ni siku inayofaa kuianza Rozari ya Mateso Saba, nyumbani au katika jumuiya ndogo ndogo. Anayetoka Kigali kwa barabara anaweza kupitia Huye, mji uliojulikana zamani kama Butare, kabla ya kupanda kuelekea vilima vya Nyaruguru.

Mahujaji wanaofika huko hukuta kanisa la hija, na pia kanisa la parokia pamoja na kumbukumbu ya waliouawa mwaka 1994. Tunawashauri wafike sehemu zote mbili. Kwanza kwa Mama wa Neno, kisha kwa marehemu, na wasiondoke kabla ya kuwaombea raha ya milele.