Historia: Jeraha na uponyaji katika michezo ya mashujaa ya mezani

Mwaka wa 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin huko Marekani, ulitolewa mchezo mpya unaoitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji wanakaa mezani, kila mmoja anasema na kutenda kwa niaba ya shujaa wake, na mwenzao mmoja anaongoza hadithi. Penye mashaka wanatupa dadu, vile vijiwe vyenye namba kama vya ludo. Lakini shujaa akichomwa mkuki, inajulikana vipi kama amekufa ama atapona?

Waanzilishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walitokea katika michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago. Humo askari akipigwa, anatolewa mezani mara moja, na mwenye jeshi zima hamlilii askari mmoja. Arneson alipompa kila mchezaji shujaa mmoja tu wa kumtunza, watu hawakukubali kumpoteza kwa dadu moja. Basi akaazima kanuni za mchezo wake wa manowari. Meli ya chuma haizami kwa kombora la kwanza, inapungua nguvu kidogo kidogo. Ndivyo shujaa alivyopata pointi za uhai. Akiwa na pointi 8 na upanga ukamtoa 5, anabaki na 3.

Kupona kulikuwa kwa polepole. Kwa kanuni za 1974, siku ya kwanza ya kupumzika haikurudisha kitu, na baadaye ilirudi pointi moja kila baada ya siku mbili. Njia ya haraka ilikuwa kuhani, ambaye kwa sala moja aliweza kurudisha pointi 2 mpaka 7. Ndiyo sababu kila kundi lilitaka kuhani.

Mwaka wa 1979 Gygax alieleza kwamba pointi hizo si nyama na damu peke yake, ndani yake mna pia ustadi na bahati. Kitabu chake kilisema wiki 4 za kupumzika bila kukatiza zinamponyesha shujaa yeyote. Aliyeokolewa mlangoni mwa kifo alipaswa kupumzika wiki nzima kwanza.

Wengine hawakuridhika. Kwa nini mwenye pointi moja apigane sawa na mzima? Steve Perrin na wenzake, waliotoa RuneQuest mwaka wa 1978, waligawa pointi kwa viungo: kichwa, kifua, tumbo, mikono, miguu. Aliyepigwa mguu alianguka, hata kama kifua chake kilikuwa kizima. Perrin alikuwa mmoja wa watu waliopigana kwa panga za fimbo ili kujifunza vita vya zamani, hivyo alijua pigo linavyotua mwilini.

Mwaka wa 1981 Sandy Petersen aliongeza jambo jingine katika Call of Cthulhu. Humo mtu ana pia pointi za akili. Anayeona mambo ya kutisha anazipoteza, hata kama ngozi yake haikuguswa. Kwa mara hii jeraha lisiloonekana lilipewa hesabu yake.

Baadaye upepo uligeuka. Dungeons & Dragons ya mwaka wa 2014 inasema saa 8 za kupumzika zinarudisha pointi zote. Anayefika sufuri hafi papo hapo: anatupa dadu, na kufaulu mara tatu kunamwokoa, kushindwa mara tatu kunamuua. Sababu inaeleweka. Hakuna mchezaji anayetaka kukaa jioni nzima huku shujaa wake amelala kitandani.

Lakini kuna kilichopotea. Familia iliyowahi kumuuguza mtu wa risasi ama panga inajua kwamba usiku mmoja hautoshi, na kwamba mwili unaweza kufunga kidonda huku usingizi bado haujarudi. Watunzi waliliona hilo. Mwaka huohuo wa 2014 waliweka kanuni za hiari: mapumziko makubwa yachukue siku 7, na jeraha fulani liache kilema. Sasa kila meza inachagua kabla ya kuanza, na uchaguzi huo unabadilisha mwendo wote. Penye uponyaji wa usiku mmoja, mashujaa wanakimbilia upanga. Penye uponyaji wa wiki nzima, wanajaribu kwanza kuzungumza na adui.